Wenye Sauti Nao Watajwe Majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo nililolibeba moyoni kwa muda mrefu, la waigizaji wa sauti wasiotajwa majina, ambalo mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, anayesoma kidato cha tatu hapa Iringa, alilichokoza bila kujua. Alikuwa amekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Juni huku kwetu haina mzaha, akitazama kwenye simu katuni ya Kijapani iitwayo Dragon Ball kwa sauti zake za asili, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Nilimuuliza anadhani ni nani anayemsemea Goku, yule mpiganaji mwenye nywele zilizosimama. Akajibu kwamba bila shaka ni kijana, labda wa miaka ishirini na mitano. Nilipomwambia kuwa ni bibi aliyezaliwa tarehe 25 Oktoba 1936, hakukubali mpaka alipoitafuta picha yake mwenyewe.

Bibi huyo ni Masako Nozawa, mzaliwa wa Tokyo. Alianza kuigiza angali mtoto, akaendelea jukwaani, na kazi ya sauti ikamkuta wakati televisheni ya Japani ilipokuwa ikionyesha filamu za kigeni zilizosemewa Kijapani. Siku hizo maneno yalisemwa moja kwa moja hewani bila nafasi ya kurudia, na sehemu za watoto wa kiume zilileta shida: mtoto mwenyewe asingeweza kuhimili kazi ya namna hiyo, na kijana aliyekwisha kubalehe sauti yake imekuwa nzito. Wakatafutwa wanawake wanaoweza kusema kama wavulana, naye akawa mmoja wao. Mwaka 1968 akawa sauti ya Kitaro, mtoto wa mizimwi katika katuni ya GeGeGe no Kitaro. Mwaka 1973 akamsemea Doraemon, yule paka roboti wa katuni, kwa muda mfupi. Mwaka 1978 akawa Tetsuro, mvulana anayesafiri angani kwa treni. Mwaka 1986 ilipoanza Dragon Ball, mchoraji wake, marehemu Akira Toriyama, alisikiliza sauti za waliojaribiwa akamchagua yeye awe Goku. Oktoba 2024, toleo jipya la katuni hiyo lilipoanza kuonyeshwa, sauti ya Goku ilikuwa bado ni yake, na mwezi huo huo alitimiza miaka 88.

Kuna jambo moja katika safari yake ambalo kila nikilikumbuka hunigusa. Katuni ya Kitaro ilipotengenezwa upya mwaka 2018, miaka hamsini baada ya yeye kuwa Kitaro wa kwanza wa televisheni, alipewa sehemu ya baba yake Kitaro, ambaye katika hadithi hiyo amebaki jicho tu lililoota mwili mdogo. Sauti iliyokuwa ya mwana ikawa ya mzazi, katika hadithi ile ile.

Goku naye alipokua na kupata watoto wawili wa kiume, Gohan na Goten, wote watatu walisemewa na Nozawa, na baba wa Goku pia. Baba anamgombeza mwana, mwana anajibu, mdogo wake anadakia, na wote wanatoka katika koo moja bila msikilizaji kuwachanganya. Wako watakaosema kwamba hata bibi zetu walifanya hivyo walipotusimulia habari za sungura na fisi. Ni kweli, lakini sungura na fisi hutofautiana kwa maumbile, na baba na wana wanaofanana sura hadi sauti ni kazi nyingine kabisa.

Naisema hivyo kwa sababu nimeionja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiigiza michezo ya redio katika nyanda hizi za juu kusini, na wakati mmoja nilipewa sehemu ya mvulana wa miaka kumi anayeuza karanga stendi. Chumba cha kurekodia kilikuwa na magodoro yaliyosimamishwa ukutani na blanketi dirishani, na paa lake lilikuwa la bati tupu, kiasi kwamba mvua ikianza tulizima mashine na kusubiri hata saa mbili. Nilidhani kazi yangu ni kuifanya sauti iwe nyembamba, na kila niliporekodi nilisikika kama mwanamke anayembembeleza mtoto. Nikaenda stendi siku tatu mfululizo kuwasikiliza watoto wenyewe, na nikatambua kwamba siri iko kwenye pumzi: mtoto huanza kusema kabla hajamaliza kuvuta hewa, na neno la mwisho hulitamka akiwa amekwisha geukia basi jingine. Niliposhika hilo, sauti yangu sikuhitaji kuibana tena. Tangu hapo nikimsikiliza Nozawa humsikiliza pumzi, na mpaka leo sijaacha kustaajabu.

Katika michezo ya video kazi ni ngumu zaidi, ingawa haionekani. Kwenye katuni, waigizaji wa Japani kwa desturi husimama pamoja mbele ya vipaza sauti, wakipokezana na kujibizana, na kurasa za mswada hufunuliwa bila kutoa hata mlio. Kwenye gemu mtu huwa peke yake, hana mwenzake wa kumjibu, akirekodi sentensi moja moja pamoja na milio yote ambayo mhusika ataihitaji: ya kupigwa, ya kuruka, ya kuanguka, ya kushinda. Mwaka 2017 Guinness, wale wanaoandika rekodi za dunia, walimtambua Nozawa kwa kumsemea mhusika yule yule katika michezo ya video kwa miaka 23 na siku 218.

Sasa nirudi kwetu. Mchezo wetu wa redio ulirushwa kwa sehemu kumi na mbili. Mwishoni mwa kila sehemu alitajwa mfadhili, akatajwa mtayarishaji, akatajwa fundi mitambo. Sisi wanne tuliosema hatukutajwa hata siku moja. Malipo nilipewa mkononi ndani ya bahasha, bila karatasi yoyote ya makubaliano, na miaka miwili baadaye nikiwa kwenye daladala nikaisikia sauti yangu ile ile ya mvulana ikinadi sabuni. Hakuna aliyeniuliza. Kituo chenyewe sikitaji, maana nia yangu si kumshtaki mtu, na najua wenzangu wengi wa Mbeya, Njombe na Songea wana habari zinazofanana na hii.

Sisemi kwamba Japani kila kitu ni shwari, kwa kuwa waigizaji sauti wengi chipukizi wa huko bado hutegemea vibarua vingine ili wapate kodi ya nyumba. Lakini jina la msemaji huandikwa mbele ya jina la mhusika, mtazamaji akalijua na kulifuata kutoka kazi hadi kazi, na hadhi hiyo hawakuipewa bure: mwaka 1973 waligoma kudai malipo bora, wakasikilizwa. Oktoba 2024 baadhi yao walijitokeza hadharani kupinga sauti zao kuigwa na akili mnemba bila idhini. Ikiwa mimi niliibiwa sauti kwa kanda ya kawaida, je, itakuwaje kwa vijana wetu wanaorekodi leo, ambao sauti zao zinaweza kutengenezewa maneno ambayo hawakuyasema kamwe?

Kazi hii kwetu si ngeni wala si ndogo. Watu wa vibanda umiza, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, walilijua jina la Lufufu aliyekuwa akitafsiri filamu kwa Kiswahili. Mwaka 2011 nchi nzima ilimfuatilia Doudou na mama wakwe zake kupitia TBC, tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na tangu 2014 Ubongo Kids imekuwa ikitengenezwa Dar es Salaam na kuwafundisha watoto wetu hesabu na sayansi kwa sauti za Kiswahili. Sheria nayo ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji kuwa wana haki juu ya maigizo yao. Kinachokosekana ni mazoea. Naviomba vituo vya redio na televisheni vitaje majina ya wasemaji mwishoni mwa kila kipindi, jambo lisilochukua hata nusu dakika, na viandikiane nao makubaliano yanayoeleza sauti itatumika wapi na kwa muda gani. Nawe Ndugu Mhariri, ambaye kila wiki unawapa wanamuziki na wachezaji mpira kurasa nzima, nakuomba umtume mwandishi wako akae siku moja tu katika chumba chenye magodoro ukutani.

Baada ya mazungumzo yale ya jikoni, mtoto wa dada yangu aliniuliza ni nani anayemsemea yule bibi mkali katika tamthilia ya Kituruki ambayo mama yake huitazama kila jioni kwa Kiswahili. Nilimwambia tusubiri mwisho wa kipindi tusome. Majina ya Kituruki yakapita, mamia kwa mamia, ya madereva na ya washonaji nguo, kisha likaanza tangazo la biashara. Msomaji yeyote anayemfahamu mama huyo mwenye sauti hiyo, naomba alitume jina lake kwako ulichapishe.

Wako,
Mwigizaji wa michezo ya redio,
Kihesa, Iringa.