Wenye hoteli wasitusingizie

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wenye hoteli wa Arusha kulalamika kwamba Watanzania hatupendi utalii wa ndani niliisoma, nikalikunja gazeti, nikasema ninyamaze kama nilivyozoea. Nimeshindwa.

Mimi na mke wangu tulikwenda Arusha kwenye harusi ya mpwa wangu. Chumba niliweka kwa simu, nikatajiwa shilingi 90,000 kwa usiku, chai ya asubuhi humo humo. Tunafika, binti wa mapokezi anapekua daftari, jina analiona, kisha anasema, “Baba, kile chumba kimepata wageni.” Sisi kumbe ni nani? Tukapewa kingine, dirisha likitazamana na jenereta. Maji ya moto yaliletwa kwa ndoo saa nne usiku, na kijana aliyeyaleta akaganda mlangoni akisubiri chochote.

Hayo ningeyameza. Lililonipandisha mori ni bili. Asubuhi, mabegi yako mlangoni, naletewa karatasi iliyoandikwa dola 45. Dola! Nauliza zimetokea wapi, naambiwa mfumo ndivyo ulivyo, nilipe tu shilingi kwa kiwango chao, ambacho sijakiona benki yoyote. Sasa zile kanuni zilizoanza Machi 28, 2025, zinazokataza kutaja bei na kudai malipo ya humu nchini kwa fedha za kigeni, walitungiwa akina nani? Nikabisha. Wakarudi kwenye 90,000, halafu wakapachika VAT ya asilimia 18, ikawa 106,200, wakamalizia na chupa mbili za maji zilizokuwa kando ya kitanda, ambazo mke wangu alidhani ni ukarimu. Haya, nikasema, kama mnanitoza kodi nipeni risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi. Mashine haina mtandao! Nikaandikiwa kikaratasi kwa mkono, mhuri hausomeki. Mashine hizi zipo nchini tangu 2010, TRA, mamlaka ya mapato, wanatuhimiza usiku na mchana tukinunua tudai risiti. Nimedai, nikaitwa mzee mkorofi mbele ya Wazungu ambao muda mfupi kabla waliletewa mayai huku sisi tukiambiwa gesi imeisha. Hiyo 16,200 ya kodi iliingia mfuko wa nani?

Na ukitoka hapo hujapona. Basi linasimama kwenye mgahawa anaoupenda dereva, yeye na kondakta wanapakuliwa nyama kule nyuma, abiria tunauziwa chipsi za baridi kwa bei ya kukomoa. Ukithubutu kuuliza risiti, honi inalia. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanapanga nauli. Haya ya njiani anayatazama nani?

Pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji tume. TRA wamchukue ofisa mmoja wa makamo, wamvue tai, wamvishe kandambili, wampe begi la shangazi kaja na mke mwenye kiu. Ashuke stendi ya Arusha saa tatu usiku, aombe chumba kwa Kiswahili, aoge ndoo, asubuhi adai risiti yake bila kuonyesha kitambulisho. Akitoka na risiti ya EFD yenye bei ile ile aliyotajiwa kwenye simu, nauli yake ya kwenda na kurudi nitailipa mimi, kwenye pensheni yangu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro