Mchoro wako ni mzuri, lakini gereji ya chini hatutaichimba

Wateja wengi hufika kwetu na picha kwenye simu: nyumba nyeupe ya ghorofa, vioo vikubwa pande zote, gereji imezama chini ya sebule. Picha huwa nzuri kweli. Tatizo, nyumba ile ilichorewa kiwanja kingine, na chako kiko Goma.

Tuanze na hiyo gereji, maana ndiyo tunayoikataa mara nyingi. Magharibi mwa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero kuelekea Bulengo na njia ya Sake, kuna sehemu zinazotoa mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za mwamba. Haionekani, hainuki, na ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama kwenye mabonde na mashimo. Usiku usio na upepo hujikusanya, na alfajiri ndipo huwa kali zaidi. Mbuzi anaweza kufa palepale mchungaji wake aliposimama mzima, kwa sababu tu pua yake iko chini. Ukichimba chumba mahali kama hapo, umeitengenezea gesi makao, na mlinzi ndiye atakayelala nayo.

Ndiyo maana tunakuja kupima alfajiri, kwa kipimo cha gesi, tukianzia pale kiwanja kinapoinama zaidi. Wapo wanaosema mshumaa unatosha. Hautoshi: mpaka uzimike, aliyeushika yuko hatarini tayari. Gesi ikiwa kidogo tunainua sakafu, tunatandika nailoni nzito chini ya zege na kuacha nafasi ya upepo kupita chini ya nyumba. Ikiwa nyingi, tutakushauri usijenge, na pesa ya upimaji utalipa vilevile.

Uzio nao tunabishania sana. Watu wa Goma tunapenda ukuta mrefu usio na tundu, lakini ukiuziba upande wa bondeni, gesi iliyokuwa inateremka zake inabaki uani kwako. Acha matundu chini, weka nondo kama unaogopa wezi.

Kuhusu mawe, kiwanja chenyewe kinakupa. Lava ya volkano ya Nyiragongo, ya tarehe 17 Januari 2002, ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na kwenye viwanja vya njia ile fundi huvunja jiwe palepale anapojengea. Tunalipenda, ila ukuta wa mawe bila mkanda wa zege wenye nondo haufai hapa. Matetemeko ya Mei 2021 yalionyesha nyufa zinapoanzia. Tena jiwe jeusi hutia giza chumbani, hivyo linataka madirisha makubwa. Hapo Goma ina bahati: ziwa liko kusini, na sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo dirisha la kutazama ziwa halichomwi sana na jua. Linalochoma ni la magharibi, saa kumi jioni. Huko weka bafu, stoo au ngazi.

Paa bapa? Inawezekana, lakini mvua yetu ni nyingi na wengi tunaikinga kwa matumizi ya nyumbani. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano huwa na asidi, nayo hula mabati, kwa hiyo tunachagua yaliyopakwa rangi kiwandani, na mteremko wa kutosha.

Ukitaka tuje, tuletee hati za kiwanja na utuambie jirani wa upande wa chini ni nani. Kama umewahi kukuta mijusi au ndege wamekufa kwenye shimo lolote hapo, tuambie kabla hatujaingia.