Diski ya Maalim usiifomati

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya miguu ulimfikishia shangazi. Mengine nitakuandikia baadaye, maana nimesoma ujumbe wako kwamba Jumamosi utaifomati diski ya Maalim umpe Seif aitumie dukani. Tafadhali, usiifomati. Flashi uliyoniletea haina kila kitu.

Nyimbo za harusi zimo, hotuba zimo, lakini kanda za Bi Kidawa akiimba hakuna hata moja! Sababu ni majina. Unamkumbuka Maalim alivyokuwa akiandika: saa kwanza, halafu swali alilouliza. «14:30 Bi Kidawa, nani alitunga?.wav». Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, haina tatizo na jina hilo. Katika alama zote unazoweza kuchapa inakataa mkwaju (/) peke yake. Flashi yako lakini ni FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, nayo haitaki nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota wala alama za kunukuu. Kwa hiyo cp, amri ya kunakili, ikifika kwenye faili la namna hiyo inaandika «Invalid argument», inaliruka, inaendelea na jingine. Mistari inapita mbio kwenye skrini, mwishoni mtu anaona kazi imekwisha. Ndiyo maana nimeshtuka.

Ingia kwenye folda yake uandike hivi, uone yaliyorukwa:

find . -name '*[?:"*<>|]*'

Mabano ya mraba usiyaache. Nje ya mabano, alama ya kuuliza humaanisha herufi yoyote ile, na amri haitakuletea majina tunayoyatafuta.

Najua utataka kuyabadilisha majina yote papo hapo. Subiri kwanza. Ndani ya kanda Maalim hataji saa wala hataji jina la anayeimba. Vyote aliviandika kwenye jina la faili. Ukikifuta hicho, nani atatuambia sauti ile ni ya nani? Bi Kidawa mwenyewe hatunaye. Zifunge kanda kwa tar, amri inayokusanya faili nyingi ndani ya faili moja, folda moja moja:

tar -cf /media/flashi/kidawa.tar Kidawa

Majina yatakaa ndani kama alivyoyaandika, flashi itaona kidawa.tar tu. Nasema moja moja kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ukimaliza, papo hapo ulipo, andika tar -df /media/flashi/kidawa.tar. Hiyo inalinganisha kilichofungwa na kilichomo kwenye diski. Ikinyamaza, salama. Ikisema chochote, usiguse kitu, nipigie.

Wale wa nyumbani wanaotumia Windows tutawatengenezea nakala nyingine yenye majina mepesi, na orodha ya jina la zamani na jipya iwe pembeni. Hilo si la Jumamosi.

Ah, na folda ya tenzi. Kule majina yanaanza na kistari, cp inadhani unaipa maagizo, inakataa amri yote na hainakili hata moja. Weka vistari viwili kabla: cp -- *.wav, kisha unakopeleka.

Yale ya Kiarabu yanayotoka alama tupu, nadhani yaliandikwa kwenye Windows ya zamani. Jaribu amri ya kugeuza usimbaji wa majina, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi: convmv -f cp1256 -t utf8 -r . (hiyo nukta ya mwisho ni sehemu ya amri). Bila kuongeza --notest haibadilishi kitu, inakuonyesha tu majina yatakavyokuwa. Mwite Ustadhi ayasome kwanza. Akisema hayasomeki, tutajaribu usimbaji mwingine.

Lakini hayo yote yanawezekana diski ikiwa hai. Seif mwambie nitamnunulia nyingine mimi, kwa moyo mkunjufu kabisa, asione ananyimwa.

Sasa niambie: diski iko kwako au ameshaichukua? Kuna mtu amehifadhi kitu kipya humo tangu msiba? Ile kompyuta ya Maalim bado inawaka? Na binti wa Bi Kidawa, amewahi kusikilizishwa hata kanda moja? Shangazi miguu inaendeleaje?

Nipigie ukiisoma hii, hata usiku.

Wako,
Zuhura