Risala ya Kikundi cha Filamu kwa Mgeni Rasmi, Goma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu wetu, baba na mama zetu, wanafunzi wenzetu, jambo!

Karibu sana Goma. Sisi wa kikundi cha filamu cha shule hii tunaomba tukuzungumzie tamasha la filamu, na kazi yetu sisi wenyewe.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, kamera zilifika hapa haraka. Zilipiga picha za moshi, zikapiga picha za akina mama wenye magodoro kichwani, kisha zikaenda zake. Picha zile hazikuwa za uongo. Ila mtoto wa mtaa wa Majengo aliyeonekana ndani yake, nani alimuuliza yeye angependa kuonyesha nini?

Kwa hiyo tunaishukuru Yole!Africa, kituo cha Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza filamu wa hapa hapa, kwa kuuletea mji huu tamasha la kimataifa la Salaam Kivu. Filamu za wageni na za vijana wa Goma zilionekana kwenye tamasha moja. Ouagadougou, kule Burkina Faso, wamekuwa na tamasha la filamu za Afrika, FESPACO, tangu 1969, na mjini kwao wamewajengea watengeneza filamu mnara. Sisi hatuombi mnara.

Mwaka jana, ili tuonyeshe filamu, tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa mawe ya volkano, nyuma ya madarasa. Watoto walikaa juu ya mawe, wengine juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyolazwa. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, basi mwenzetu alisimama kando akitafsiri kwa Kiswahili, na bibi mmoja jirani akawa anamjibu mchezaji wa filamu kama yuko mbele yake. Umeme ukakatika mwisho ukiwa bado. Hakuna aliyeondoka. Walibaki gizani wakibishana kama yule binti wa kwenye filamu atarudi kwao, mpaka mwenzetu akawasimulia sehemu iliyobaki.

Mheshimiwa, tunarekodi kwa simu ya mwalimu. Tunakuomba kamera moja, maikrofoni na jenereta ndogo. Tunakuomba pia utuombee ruhusa kwa wakuu wa mji, tuonyeshe filamu Majengo na Ndosho mapema jioni, watu warudi nyumbani salama.

Filamu yetu ya kwanza itakuwa ya mama anayeuza sambaza, samaki wadogo, kando ya ziwa. Amekwisha kukubali, ila amesema tusimpige picha akiwa analia.

Tunaomba kuwasilisha. Aksanti sana.