Je, HK P7 Itarudi? Jibu Letu kwa Wateja Wanaouliza

Hakuna bastola inayoulizwa kwenye karakana yetu kama P7 ya kiwanda cha Kijerumani cha Heckler & Koch. Anayeileta kusafishwa anauliza, na asiyewahi kuigusa anauliza vilevile: kiwanda kitaanza kuitengeneza tena lini? Uzalishaji ulikoma mwaka 2008, lakini hamu ya watu haijapoa. Nasi tumo humo humo. Tungefurahi kuiona ikirudi kuliko bastola nyingine yoyote, ila oda kwa msingi wa uvumi hatupokei.

Baada ya shambulio kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, polisi wa Ujerumani Magharibi walitaka bastola mpya ya milimita 9. Iwe tayari kufyatuliwa papo hapo, isiwe na swichi ya usalama ya kugeuza kwa kidole, na imfae wa mkono wa kulia na wa kushoto. Zilizokubaliwa ni Walther P5, SIG Sauer P6 na hii P7. Zile mbili ni bastola nzuri za njia iliyozoeleka. P7 haikufanana na chochote kilichokuwa sokoni.

Upande wa mbele wa mshiko wake ni wenzo mrefu. Ukiukamata kwa vidole na kuuminya, bastola inajikoki, yaani inakuwa tayari kufyatuka. Ukilegeza mkono, inatoka kwenye koki yenyewe. Ikidondoka, imeshatoka mkononi, kwa hiyo haijakokiwa. Kuuminya kunataka nguvu, lakini ukishaingia hushikiliwa kirahisi, na triga inabaki nyepesi, ya namna ileile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hata slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, ikibaki nyuma risasi zikiisha, unaweka magazini (kisanduku cha risasi) mpya, unaminya tu, inarudi mbele. Mtu akizoea hilo, bastola nyingine humwia kama zina kitu kimepungua.

Uzuri mwingine uko chini ya mtutu, na ndiko matatizo mengi tunayoletewa yanakoanzia. Risasi inapofyatuka, sehemu ya gesi hupita kwenye tundu dogo mbele kidogo ya chemba, mahali risasi inapokaa, na kuingia kwenye silinda. Huko inasukumana na pistoni iliyofungwa kwenye slaidi, ili slaidi isifunguke kabla shinikizo halijashuka. Kwa sababu hiyo mtutu umekazwa kwenye fremu, hauinami wala kusogea, na P7 hulenga vizuri ajabu kwa bastola ndogo kiasi hicho: mtutu wa milimita 105 ndani ya urefu wa milimita 171.

Sasa, gesi ni moto na ni masizi. Ukipiga magazini kadhaa mfululizo, sehemu iliyo juu ya triga inaunguza kidole. Ndiyo maana P7M8, toleo lililofuata, iliwekewa kinga ya joto ambayo PSP, toleo la awali, haikuwa nayo. Masizi nayo huganda ndani ya silinda mpaka slaidi inaanza kwenda kwa uzito, na mwenyewe anadhani springi imechoka. Mara nyingi springi ni nzima kabisa. Tunachokwangua ni ukoko mweusi, mgumu. Na tafadhali, msitumie risasi zenye kichwa cha madini ya risasi (ledi) matupu yasiyovikwa shaba: madini hayo huziba lile tundu la gesi, na kulizibua bila kuliharibu ni kazi ya subira. Maganda kutoka na mistari myeusi ubavuni, hilo si tatizo. Chemba ina vijifereji vyake, ndivyo vinavyochora hiyo mistari.

Kilichoiondoa sokoni ni gharama. P7 ni chuma kilichochongwa kwa mashine kwa uangalifu mkubwa, kipande baada ya kipande, na baada ya Glock 17 kutoka mwaka 1982 na fremu yake ya plastiki, idara za polisi ziliona zinaweza kupata bastola inayotegemeka kwa fedha kidogo zaidi.

Inaweza kurudi? Hataza za miaka ya 1970 zimekwisha muda wake siku nyingi, na mashine za leo huchonga chuma kwa haraka kuliko zile za wakati ule. Mfano upo: Browning Hi-Power, bastola nyingine ya zamani, ilisimamishwa mwaka 2018, na mwaka 2022 kampuni ya FN ikatoa High Power mpya. Lakini ile mpya haikubali vipuri vya zamani, na hilo wenye P7 walikumbuke: hata toleo jipya likija, huenda lisikusaidie kupata magazini wala springi za bastola uliyo nayo leo. Kwa maoni yetu, P7 itakayorudi bila wenzo wa kuminya na silinda ya gesi itakuwa jina tu.

Kwa hiyo tunzeni mlizo nazo. Tunasafisha silinda na pistoni, tunapima springi, na tunakagua wenzo na pini ya kupigia. Ukileta, njoo na kibali chako, chemba ikiwa tupu, pamoja na magazini zote unazotumia, kwa sababu nazo tunazijaribu moja moja.