YAH: Pakiti Zinazopotea Kwenye Seva Zenu, na Kicheko cha Msimamizi Wenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, kipengele cha ubora wa huduma mmekiandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Ninachotaka kujua ni nani aliyempa msimamizi wenu wa zamu ruhusa ya kunicheka.

Nilimpigia huku wateja wangu wakisikiliza. Nikamwambia pakiti, yaani vipande vya data, zinapotea ndani ya mtandao wenu, na vipimo mnavyo. Akacheka. "Asilimia moja tu, bwana! Nunua kifurushi kikubwa." Akafunga tiketi ya lalamiko langu.

Kifurushi kikubwa kitasaidia nini? TCP, itifaki ya kusafirisha data ambayo seva zenu hutumia, hukabidhi data kwa mpangilio. Pakiti moja ikipotea, zilizo nyuma yake hungoja mlangoni hata kama zimeshafika. Ikipotea ya katikati, thibitisho tatu za kujirudia kutoka kwa mpokeaji humshtua mtumaji akairudia upesi. Jumbe zetu ni fupi. Ikipotea ya mwisho, hakuna inayoifuata, basi mtumaji anakaa mpaka kipima muda kiishe. RFC 6298 ya mwaka 2011, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, inakianzisha kwa sekunde 1, na kila kikiisha bila jibu kinaongezwa maradufu. Dawa imo katika RFC 8985 ya 2021: mtumaji anatuma pakiti ya kuchungulia mapema, hasubiri kipima muda hicho kiishe. Lakini mipangilio ya seva mmeifunga, mimi siigusi. Na kabla ya hapo niliomba mruhusu UDP, njia nyingine ya kusafirisha pakiti, nitumie QUIC, itifaki inayopita juu yake, ambayo mkondo mmoja wa data ukipungukiwa pakiti mingine inaendelea. Mkanijibu niwashe upya kompyuta yangu!

Narudia, maana naona halijawaingia. Mteja wangu mkubwa yuko kwenye laini. Mimi sijamaliza sentensi. Msimamizi anacheka, wote wanamsikia, na nikiwa bado naongea inaingia barua pepe: "Tatizo limetatuliwa." Limetatuliwa na nani?

Naomba seva zirekebishwe na nipewe maelezo kwa maandishi. Pia nirudishiwe ada ya mwezi huu. La, ada zote tangu lalamiko la kwanza. Na msimamizi huyo awaombe radhi wateja wangu yeye mwenyewe, si kwa ile barua yenu ya kunakili.

Mwisho ni Ijumaa. Baada ya hapo nahamisha kila kitu, faini ya kuvunja mkataba silipi, na vipimo vyote pamoja na kumbukumbu ya simu ile vinakwenda kwa mwanasheria wangu na kwa mamlaka ya mawasiliano.

Mteja wenu