Anayetaka kazi ya uvuvi ajue kwanza kupima

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu vijana ambao, wakisikia nilikuwa bwana samaki kwa miaka 27, huniuliza swali lile lile: "Ni lazima nijue kuogelea?" Jua, na boya uvae hata kama unajua. Lakini si kuogelea kulikonitoa jasho.

Kilichonitoa jasho ni rula. Mwaka wa kwanza nilikabidhiwa ubao wa kupimia na daftari, nikawa napima jodari toka mdomoni hadi ncha ya mkia. Mwenzangu wa zamu ya jioni aliishia kwenye panda ya mkia. Hakuna aliyeandika amepima vipi. Baada ya miezi miwili mkuu wetu alipojumlisha, ikaonekana samaki wanarefuka asubuhi na kufupika jioni. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatuambia tuanze upya. Namba hizo ndizo zinazotumika kuamua matundu ya nyavu yawe na upana gani na msimu ufungwe lini. Zikikosewa, anayelala njaa ni mvuvi.

Kwa hiyo hisabati msiikimbie. Wengi wanadhani baiolojia peke yake inatosha. Ina raha yake, sikatai: unapasua kichwa cha samaki, unatoa kijiwe cha sikioni, unahesabu miduara kama ya gogo la mti ili ujue umri wake. Nilikuwa nasahau hata chakula cha mchana. Lakini miduara nayo ni hesabu.

Anayekwenda kiwandani aheshimu barafu na kipimajoto. Jodari akikaa kwenye joto hujaa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na anaweza kuonekana mzima kabisa. Kumpika hakuiondoi. Wa mabwawani naye azoee kuamka alfajiri, maana oksijeni majini hupungua zaidi kabla jua halijachomoza.

Halafu kuna ulimi. Mvuvi aliyekesha hapendi maswali ya mtu mwenye kalamu. Nilijifunza kushika tenga naye kwanza, daftari likiwa bado mfukoni. Hapo ndipo huniambia alikovua hasa, si kule anakomtajia kila mtu.

Kuogelea nilijifunza mwaka wa tatu, baada ya kuteleza gatini na daftari mkononi. Liliokolewa kabla yangu. Namba zote zilisomeka. Nilikuwa naandika kwa penseli.

Bwana samaki mstaafu